Shokapu ya mbele inagonga: uikaze, uibadilishe au uitoe kabisa?

Kuna sauti ambayo karibu kila mwenye baiskeli ya umeme ya bei nafuu anaijua. Gurudumu la mbele linatumbukia kwenye shimo, kimya. Linatoka: ko! Chuma kimekutana na chuma, na mtetemo unapanda kwenye usukani hadi viwikoni. Mara ya kwanza unasimama, unaikagua baiskeli, huoni kilichovunjika, unaendelea na safari. Baada ya wiki umeshaizoea. Baada ya mwezi unaamua kwamba shokapu ni laini mno, unashika kile kizungushio cha plastiki kilicho juu ya mguu wa uma (uma ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na shokapu imo ndani yake), unakigeuza kuelekea alama ya kujumlisha mpaka kinagoma. Halafu sauti inaongezeka.

Ndivyo nilivyofanya mimi, na ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa naukaza ugonjwa wenyewe. Sauti ile haikuwa ya uma kugota chini. Ilikuwa ya uma kurudi juu. Springi ilibanwa shimoni, ikaachiwa, ikafyatuka kwa nguvu zake zote bila kitu cha kuizuia, mpaka mirija ikagonga mwisho wake wa juu. Kila nilipoikaza niliiongezea nguvu za kufyatukia.

Watu huulizana kama shokapu hizi ni laini au ni ngumu. Kasoro yake kubwa iko kwingine.

Kazi mbili, mfanyakazi mmoja

Shokapu ina kazi mbili, na jina moja tunaloliita linaficha jambo hilo. Kazi ya kwanza ni kubeba: springi, iwe ya chuma au ya hewa, inapokea uzito na kubonyea gurudumu linapopanda jiwe. Kazi ya pili ni kutuliza: nguvu ambayo springi imeimeza isirudishwe yote kwa mpigo. Hii hufanywa na dampa, ambayo kwa kawaida ni oili inayolazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Chukua bomba la sindano lililojaa maji. Lisukume polepole, maji yanatoka bila shida. Lisukume kwa kishindo, linakugomea. Dampa ni vivyo hivyo. Kadiri uma unavyokwenda kasi ndivyo oili inavyokataa, na nguvu ya shimo inaishia kuwa joto kidogo ndani ya oili badala ya kuwa teke viganjani mwako.

Uma wa bei ya chini kabisa una springi. Dampa hauna.

Kinachoachiwa kazi ya dampa ni msuguano: mrija wa ndani, wa chuma, ukijisugua kwenye bushi, yaani pete za plastiki zinazouongoza, zenye grisi kidogo ya kiwandani. Kwa mtengenezaji hilo lina mantiki, maana msuguano haununuliwi. Tatizo ni kwamba msuguano na oili vina tabia zinazopingana. Oili inazuia zaidi mwendo unapokuwa wa kasi. Msuguano unazuia zaidi kitu kikiwa kimesimama, na kikishaanza kuteleza unalegea. Umewahi kusukuma kabati zito? Linakugomea, linakugomea, halafu likianza kusogea linakwenda na wewe hadi ukutani.

Peleka tabia hiyo barabarani. Kwenye changarawe na kwenye mbavumbavu za barabara ya vumbi, pale ambapo ungetaka uma ucheze kwa wepesi, mirija imekwama na kila kijiwe kinakufikia mkononi. Kwenye shimo kubwa nguvu inaushinda msuguano, uma unaachia ghafla, unashuka wote, kisha unafyatuka kurudi. Uma huo huo mmoja ni mgumu mno na laini mno katika safari moja. Ndiyo maana watu wawili wenye baiskeli zinazofanana wanaweza kubishana siku nzima, huyu akilalamika shokapu yake haifanyi kazi, yule akisema ya kwake inanesa kama godoro, na wote wawili wakawa sahihi.

Hesabu ndogo inaonyesha uma unadaiwa kiasi gani. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa unapita karibu mita 7 kila sekunde. Shimo lenye urefu wa sentimita 30 unalimaliza kwa kama sehemu 4 za mia za sekunde. Springi isiyo na dampa, ikiwa na mzigo wa kawaida wa mtu mzima, hudunda mara mbili au tatu kwa sekunde. Maana yake mdundo mmoja tu unakula karibu mita 3 za barabara, na barabara ikiwa mbovu, ndani ya mita 3 hizo kuna mashimo mengine yanakusubiri. Uma unayakuta ukiwa bado uko hewani kwa ajili ya lile la kwanza.

Siku nilipoufungua uma wangu niliweka beseni chini ili likinge oili. Halikupata hata tone. Mguu wa kushoto ulikuwa na springi moja ndefu, nyembamba, na mwisho wake kipande cha mpira kisichozidi kifutio cha penseli. Mguu wa kulia ulikuwa na fimbo ya plastiki iliyounganishwa na swichi ya kufungia shokapu, basi. Kilichobaki ni hewa. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimeendesha juu ya debe miezi saba.

Swichi yenyewe, kwa sababu inawavutia wengi dukani, usiitegemee. Kwenye uma za namna hii inaingiza tu kizuizi njiani ili mirija isishuke. Ukiisahau imefungwa na ukaparamia shimo, kinachopokea pigo ni kile kipande chembamba ndani.

Kwa nini baiskeli ya umeme inaumia zaidi

Uma huo huo kwenye baiskeli ya kawaida ya kukanyaga unavumilika. Baiskeli ya umeme ya bei nafuu mara nyingi ina kilo 25 na kuendelea, kabla hujapakia begi wala mtoto. Uzito ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mwenendo wetu. Anayekanyaga kwa miguu yake akikutana na barabara mbovu mwendo unapungua wenyewe, na mara nyingi amejinyanyua kitini. Mwenye mota ameketi, mikono imenyooka, mwendo ni ule ule, kwa kuwa mota haichoki na haioni mashimo.

Halafu kuna zile zenye mota kwenye kitovu cha gurudumu la mbele. Mota hiyo huongeza kilo 2 hadi 4 mahali pabaya kuliko pote, yaani chini ya springi. Gurudumu jepesi likirushwa na jiwe linarudi ardhini upesi. Gurudumu zito likirushwa linapaa na mori wake, na springi inahangaika kulirudisha. Shokapu nzuri ingepata taabu hapo, sembuse hii.

Usidanganyike na umbo. Siku hizi kuna baiskeli za matairi manene zenye uma wa mabega mawili (bega ni kile kipande cha juu kinachounganisha miguu ya uma), mirija minene kama ya pikipiki, rangi ya dhahabu. Unene wa mirija unasaidia uma usijipinde, hilo ni kweli. Ila kilichomo ndani hakionekani, na mara nyingi ni springi ile ile.

Kwanza hakikisha ni shokapu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sauti ya "ko" ina wazazi wanne au watano, na mmoja tu kati yao ni shokapu.

Zima umeme. Simama kando ya baiskeli, shika breki ya mbele kwa mkono mmoja. Vidole viwili vya mkono wa pili viweke pale mrija wa ndani unapozama kwenye mrija wa nje, nusu vikigusa juu na nusu chini. Sasa isukume baiskeli mbele na nyuma, taratibu. Vidole vyako vikihisi vipande viwili vinapishana, bushi zimekwisha au zilikuja zimelegea tangu kiwandani. Mchezo, yaani kulegea huko, ukiwa mdogo sana ni wa kawaida kwa uma hizi. Ule unaouona kwa macho si wa kawaida.

Hamisha vidole juu, kwenye maungio ya uma na fremu, chini kidogo ya usukani. Rudia. Pakicheza hapo, shokapu haina hatia. Ni beringi za usukani. Na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kwa baiskeli zilizokuja kwenye boksi na kufungwa na mnunuzi mwenyewe. Bolti ya juu kabisa, ile iliyo katikati ya kifuniko, watu wanadhani ndiyo inayoshika usukani. Haishiki. Kazi yake ni kuzibana beringi tu. Zinazoshika ni zile bolti mbili za pembeni ya shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na uma. Kwa hiyo utaratibu ni huu: legeza za pembeni, kaza ya juu kidogo kidogo mpaka mchezo uishe lakini usukani uendelee kugeuka bila kukwaruza, ndipo ukaze za pembeni. Ukiikaza ya juu huku za pembeni zimebana, unasumbua bolti bure. Baiskeli za mtindo wa zamani zenye nati mbili kubwa juu ya fremu zina utaratibu wake: nati ya chini inabana beringi, ya juu inaifunga ya chini isilegee.

Bado una shaka? Geuza gurudumu la mbele robo, litazame pembeni, shika breki, sukuma tena. Kuna mchezo mdogo wa pedi za breki ndani ya kalipa (kile kibanio cha breki kinachoishika diski) ambao hufanana sana na mchezo wa uma. Gurudumu likiwa pembeni huo hutoweka, wa beringi hubaki. Mwisho shika gurudumu lenyewe juu na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, tazama beringi za kitovu na nati za ekseli.

Na jambo moja la aibu kidogo, lakini limetokea kwa watu makini kuliko mimi: hakikisha uma haukufungwa kinyumenyume. Kalipa ya breki ya diski hukaa nyuma ya mguu wa kushoto, si mbele ya mguu wa kulia. Uma uliogeuka huleta gurudumu karibu na miguu yako na kuufanya usukani uwe na tabia usiyoielewa, na mtu akamaliza wiki nzima akirekebisha shokapu.

Katika ukaguzi huo huo pitisha kitambaa kwenye mabega ya uma, kwenye welidi, na kwenye masikio yanayoshika ekseli. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, au mguu uliopinda, baiskeli hiyo haiendeshwi tena mpaka uma ubadilishwe. Hapo hakuna mjadala wa gharama.

Kile kizungushio kinafanya nini hasa

Kinabana springi kabla hujapanda. Hakiifanyi springi kuwa ngumu, na tofauti hiyo inastahili mfano wa namba.

Chukua mtu wa kilo 80 kwenye baiskeli ya kilo 25. Akiwa ameketi, tuseme asilimia 40 ya uzito wote iko mbele: kilo 42. Toa kilo 4 hivi za gurudumu na mirija ya nje, ambazo springi haizibebi. Zinabaki 38, sawa na nyutoni (kipimo cha nguvu) 370 au zaidi kidogo. Kama springi inahitaji nyutoni 10 ili ibonyee kila milimita moja, mtu huyo akiketi tu uma unazama milimita 37. Uma mwingi wa aina hii una nafasi ya milimita 60 hivi kati ya juu na chini. Zaidi ya nusu imekwisha na safari haijaanza.

Sasa ibane springi milimita 20 kabla hajapanda. Uma utazama milimita 17. Nafuu kubwa. Lakini kuanzia hapo, kila milimita inayofuata bado inagharimu nyutoni 10 zile zile. Umesogeza mahali springi inapoanzia, tabia yake hukuigusa. Mzito wa kilo 110 akikaza mpaka mwisho bado anaendesha juu ya springi ya mtu mwepesi. Dawa yake ni springi nyingine, ngumu zaidi, kama mtengenezaji anaiuza. Na kizungushio cha uma wa bei nafuu, kwa kweli, husogeza springi milimita chache tu, tena kwenye mguu mmoja.

Kupima ni rahisi kuliko kubahatisha. Funga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye mrija wa ndani, ibane iweze kuteleza, ishushe mpaka iguse sili, ile pete ya mpira iliyo mdomoni mwa mrija wa nje. Panda taratibu, keti kama unavyoketi ukiendesha, shuka taratibu, pima kamba imesukumwa umbali gani. Kati ya asilimia 15 na 25 ya safari nzima ya uma panatosha. Kwa milimita 60 hiyo ni kama 9 hadi 15. Kisha iache kamba pale pale uende safari yako ya kila siku. Ukirudi itakueleza ukweli. Ikiwa umepita barabara mbovu kuliko zote na kamba imeishia nusu, uma wako umekwama au springi ni ngumu kwako. Ikiwa kila siku iko mwisho kabisa, springi imeshindwa na uzito. Na ikiwa sauti yako ni ile ya kurudi juu, kulegeza kizungushio ndani ya kiwango hicho kutakusaidia kuliko kukikaza.

Tairi ndiyo shokapu ya kwanza

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi, ingawa ndilo lenye nafuu kubwa kuliko yote na halina gharama. Tairi halina bushi, halikwami, na sehemu inayobonyea ni nyepesi sana. Mbavumbavu na changarawe ni kazi yake. Wengi hulijaza mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni, bila kujua kwamba hicho ni kikomo.

Kwa tairi la inchi 4, anza na psi 20 mbele (psi ni kipimo cha hewa kilicho kwenye pampu), kisha punguza 2 kila safari mpaka uanze kuhisi usukani mzito au tairi linayumba kwenye kona, halafu rudisha 2. Kwa tairi la inchi 2.4 anza na 35 ufanye vivyo hivyo. Mbele huvumilia hewa pungufu kuliko nyuma, maana uzito mwingi uko nyuma. Ukisikia rimu inagonga ukingo wa shimo, umepita mpaka. Tumia kipimo kimoja kila mara. Vipimo vya pampu hukosea sana kwenye hewa ndogo, lakini hukosea kwa namna ile ile.

Kuufungua na kuupaka grisi

Uma mkavu ni uma uliokwama, na nyingi hutoka kiwandani karibu kavu. Grisi haitakupa dampa. Itakupa uma unaocheza kwenye vijiwe, na hilo ni nusu ya ulichokuwa unakililia.

Toa betri. Ondoa gurudumu la mbele. Kama lina mota, tafuta kwanza kiungio cha waya na ukichomoe kwa kuvuta moja kwa moja, bila kukizungusha. Fungua kalipa ya breki, uifunge kwa kamba kwenye fremu isining'inie kwa waya au bomba lake, na usiguse lever ya breki ya oili wakati diski haimo. Kisha itazame miguu kwa chini. Uma mwingi wa bei nafuu una bolti moja chini ya kila mguu, wakati mwingine imezama ndani ya tundu na inahitaji alenki ndefu. Zilegeze. Zikizunguka bila kutoka, fimbo ya ndani inazunguka nazo; bonyeza uma ili springi ikaze fimbo hiyo, ujaribu tena. Gonga kidogo kwa nyundo ya mpira, vuta mirija ya nje ishuke, na uangalie kwa makini mpangilio wa kila kinachotoka. Piga picha kila hatua. Mimi nilijiamini, nikabaki na washa moja mkononi.

Futa grisi ya zamani yote. Mara nyingi ni ya kijivu, imechanganyika na unga wa kutu na mchanga. Ukiisugua kati ya vidole unaisikia inakwaruza, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikizila bushi zako. Tazama mirija ya ndani. Kutu ya juu juu hutoka kwa kitambaa na uvumilivu. Vishimo vya kutu ambavyo kucha inanasa havitoki, na vitaendelea kukata sili. Paka grisi ya silikoni au ile inayotengenezwa kwa ajili ya shokapu za baiskeli, maana grisi za mafuta ya petroli zinaweza kuvimbisha baadhi ya mpira. Paka kwenye bushi, ndani ya midomo ya sili, na kwenye springi nayo ili isipige kelele inapojikunja. Ile dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu usiitumie hapa: inayeyusha grisi, inang'aa siku mbili, halafu unabaki mkavu kuliko mwanzo. Na chochote unachopaka, kiwe mbali na diski na pedi za breki.

Ukiwa umeufungua, utakiona kituo cha juu kinachopiga ile "ko". Wengine huongeza hapo pete ya mpira. Inapunguza sauti, na inakula safari ya uma kwa unene wake. Springi inabaki na wazimu wake. Mimi niliiweka, sikujuta, ila sikuiita matengenezo.

Kuubadilisha, na kwa nini huenda usihitaji shokapu nyingine

Fikiria umeshafanya hayo yote na bado mikono inakufa ganzi. Mawazo yanakwenda kwenye uma wa hewa wenye dampa ya oili. Ni kitu kizuri, na uma wa namna hiyo unaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya baiskeli nzima. Kabla hujaagiza, chukua rula.

Shina la uma, ule mrija unaopanda ndani ya fremu: lililonyooka la kisasa lina kipenyo cha milimita 28.6, lililopanuka kwa chini halitaingia kwenye fremu ya lililonyooka. Urefu wa shina: likiwa fupi kwa sentimita moja, umenunua chuma cha mapambo. Upana wa kitovu: milimita 100 kwa baiskeli nyingi za kawaida, 135 kwa nyingi za matairi manene, na hapa kuna mtego. RockShox Bluto, uma uliotoka mwaka 2014 kwa ajili ya matairi manene, unataka kitovu cha 150 na ekseli nene ya 15. Mtu anaupata wa mtumba kwa bei nzuri, anafika nao nyumbani, gurudumu halishikiki. Angalia pia nafasi ya tairi, mahali pa kalipa, na ukubwa wa diski. Kwa mtumba wowote pitisha kucha kwenye mirija ya ndani. Mkwaruzo unaonasa kucha utavujisha.

Urefu wa uma wenyewe, kutoka katikati ya ekseli hadi begani, usiuache ukae mbali na wa zamani. Kwa baiskeli yenye mita 1.1 kati ya magurudumu, kushusha mbele milimita 20 kunaubana mwinamo wa usukani kwa kama digrii moja. Digrii moja unaizoea. Tatu zinabadilisha baiskeli.

Wazo langu, na najua si la wote: kwa anayetembea barabara za kawaida kwenda kazini na kurudi, uma mgumu wa chuma, usio na shokapu kabisa, ni mbadala bora kuliko shokapu mbovu. Una kama kilo moja na robo, wakati uma wa springi wa bei nafuu mara nyingi una mbili na nusu au zaidi. Hauchezi, haubonyei, hautaki grisi isipokuwa kwenye beringi, na ukipiga breki pua haizami. Tafuta ule uliotengenezwa mrefu kuchukua nafasi ya uma wa shokapu, uwe na masikio ya kalipa ya diski, na utumie uliyookoa kununua tairi pana kadiri nafasi inavyoruhusu. Kwenye mashimo makubwa utajua kwamba huna shokapu. Itakubidi ukunje viwiko, unyanyuke kitini, na umalize kupunguza mwendo kabla ya shimo. Ila hata mwenye shokapu ya springi tupu alipaswa kufanya hivyo. Kama njia yako ni ya mawe na makorongo kila siku, hapo nakuachia uma wa hewa wako.

Nguzo ya kiti yenye springi inasaidia mgongo, mikono haiioni. Ipo shingo ya usukani yenye mpira ndani, inayobonyea sentimita mbili tatu; kwa anayeteswa na mitetemo midogo ni msaada wa kweli, na inakwenda vizuri na uma mgumu.

Wenye mota ya mbele wana kanuni yao. Mota inapovuta, ekseli inajaribu kuzunguka upande wa pili na kuyafungua masikio ya uma. Masikio ya alumini au magnesi ya uma mwepesi wa shokapu hayapindi kwanza ili yakuonye, yanakatika. Ukiwa na mota mbele, uma wa chuma wenye masikio manene pamoja na mkono wa kuizuia ekseli isizunguke ndio unaokufaa, hata ukikuta wa hewa unagawiwa bure.

Uma mpya ukishafungwa, usianze na safari ndefu. Zunguka mahali pasipo na magari, piga breki ya mbele kwa nguvu mara tano sita, rudia lile jaribio la vidole kwenye beringi. Beringi mpya hujikalisha vizuri baada ya kilomita chache na mchezo hurudi, hata kama ulikaza sawasawa. Baada ya siku mbili tatu legeza zile bolti za pembeni, gusa ile ya juu kidogo, kaza tena.